"Keep me posted", "in the loop" au "heads-up"? Kuchagua msemo wa Kiingereza wa kupashana habari kazini

Kiswahili kina "nijulishe", na "nijulishe" inatosha karibu kila mahali. Unamwambia fundi, unamwambia meneja, unamwambia shemeji aliyempeleka mgonjwa hospitali. Mambo yakiwa ya mtaani unasema "nishtue" au "nitonye", kazi imekwisha. Kiingereza cha ofisini kimegawa mzigo huo kwa misemo mingi, na kamusi nyingi zinaitafsiri yote kwa maneno yaleyale: kumpa mtu taarifa. Ndiyo maana watu huokota wowote unaowajia mdomoni. Mteja anaandikiwa "just a heads-up" kuhusu meli iliyotia nanga wiki iliyopita. Mkurugenzi anaambiwa "let me bring you up to speed" na kuona kama ameitwa mzembe.

Misemo hii haifanani. Inatofautiana zaidi kwa wakati, kisha kwa nani anayebeba wajibu wa kukumbuka kuandika. Ili tofauti zionekane, tutashika mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: wakala wa forodha wa Dar es Salaam anashughulikia kontena la futi 40 la vigae vya mteja aliyeko Lusaka. Mzigo unashuka bandarini, unapanda lori, unavuka Tunduma kuingia Zambia. Mawasiliano yote ni kwa Kiingereza, na mteja huyo amekizoea.

Vigezo vinne

Wakati: habari inatolewa kabla ya jambo, jambo likiendelea, au baada ya kupita? Kama huna nafasi ya kufikiri mengine, fikiri hili tu.

Ahadi: ni mara moja au ni mfululizo? Na nani atalaumiwa kukiwa kimya?

Adabu: unaweza kumwambia nani bila kumvunjia heshima?

Umbo: neno gani lazima lifuate, na neno gani likikosekana msemo unageuka kuwa kitu kingine?

"Keep me posted"

Wakati. Jambo linaendelea na mwisho wake haujajulikana. Shehena iko baharini, kesi iko mahakamani, zabuni inafunguliwa wiki ijayo. Msemo huu umetoka kwenye vitabu vya hesabu. Karani alikuwa akihamisha maingizo kutoka daftari la siku kwenda leja, kitendo ambacho wahasibu wetu mpaka leo wanakiita kuposti. Leja iliyopostiwa ndiyo leja inayosema ukweli wa leo. Kufikia katikati ya karne ya 19 Wamarekani walikuwa wanaitumia kwa binadamu pia: mtu aliye "posted" ni mtu ambaye kitabu chake hakijaachwa nyuma. Kwa hiyo posta na picha za Instagram hazihusiki hapa.

Ahadi. Ni mfululizo, na mzigo uko kwa anayeshika kazi. Ukimwandikia mteja "I'll keep you posted" umempa ruhusa ya kuacha kukuuliza. Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa ukimya. Wakala anangoja apate la kusema, siku tano zinapita hakuna jipya, na kwa mteja siku tano za kimya ni siku tano za kusahauliwa. Dawa yake ni sentensi moja yenye tarehe: "I'll keep you posted and will write again on Wednesday, even if nothing changes." Sehemu ya mwisho ndiyo yenye thamani, kwa sababu taarifa ya kwamba hakuna taarifa nayo ni taarifa.

Adabu. Kama ahadi, unamfaa kila mtu isipokuwa barua rasmi kabisa. Kama ombi, angalia ngazi. "Keep me posted" peke yake ni amri, na bosi humwambia msaidizi wake bila tatizo. Msaidizi akimwandikia bosi hivyo inasikika kama bosi ndiye aliyeajiriwa. Ongeza kilainishi: "I'd be grateful if you could keep me posted on the tender."

Umbo. Baada ya "posted" weka "on" au "about". Makosa mawili yanarudi kila siku. La kwanza ni "keep me post", ambalo halina maana. La pili ni "I will keep posting you". Katika Kiingereza cha kwetu, mwalimu au askari aliyepangiwa kituo Kigoma husema "I was posted to Kigoma". Sasa mwambie mteja kwamba utaendelea kumposti, uone kama hatadhani unamhamisha kituo kila mwezi.

Unamfaa nani. Anayefuatilia jambo moja lenye mwanzo na mwisho, hasa kati ya watu wawili. Haumfai anayehitaji kuwa na sauti katika uamuzi. Huyo anahitaji msemo unaofuata.

"Keep me in the loop"

Wakati. Jambo linaendelea, kama kwa "posted". Tofauti ni kwamba hapa linalohesabika ni kundi la watu zaidi ya habari yenyewe. Loop ni duara la wanaojua, yaani wale ambao ujumbe ukizunguka unawapitia. George H. W. Bush, akiwa makamu wa rais wa Marekani, mwaka 1987 alijitetea kuhusu kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri kwa kusema kwamba hakuwa "in the loop". Hakuwa anasema tu kwamba hakupata habari. Alikuwa anasema hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakijadili. Usijaribu kuutafsiri neno kwa neno, maana loop kwa Kiswahili ni kitanzi, na hakuna anayeomba kuwekwa kitanzini.

Ahadi. Kwenye barua pepe msemo huu una tendo linaloonekana kwa macho: jina la mtu linaingia kwenye mstari wa CC. "Keep our finance team in the loop" maana yake ni kwamba kuanzia sasa wahasibu wapate nakala ya kila barua kuhusu jambo hili. Mzigo uko kwa kila anayejibu, kwani mtu mmoja akibonyeza kitufe cha kumjibu mtumaji pekee badala ya wote, duara limekatika na wahasibu wametoka bila kujua. Aliyepewa nakala hakuombwa kufanya chochote. Ukitaka afanye jambo, mtaje kwa jina ndani ya barua na useme unataka nini, la sivyo atasoma na kunyamaza, na atakuwa sahihi.

Tenganisha pia maumbo matatu yanayokaribiana. "Loop me in" ni kuomba kuingizwa, tendo la mara moja. "Keep me in the loop" ni kuomba usitolewe. "I was out of the loop" ni lalamiko au utetezi, kutegemea nani anasema.

Adabu. Hapa pana mtego ambao vitabu vya lugha havigusi. "I'm looping in my manager" katikati ya mabishano husomwa kama kushtaki. Mwenzako anayeona jina la bosi limejitokeza kwenye CC hatafikiri habari, atafikiri amechongewa. Kama sababu ni njema, iseme papo hapo: "I'm looping in our transport manager, who will book the truck." Sababu ikikosekana, msomaji atajitungia yake.

Umbo. "In the loop on" au "about". Neno "the" halitoki. "Keep me in loop" ni kosa lililoenea sana, na kwa mtaalamu wa kompyuta linachekesha zaidi, kwa kuwa programu iliyokwama "in a loop" inarudia jambo lilelile bila kikomo.

Unamfaa nani. Meneja asiyeshika kazi kwa mikono yake lakini asiyetaka kushtukizwa kwenye kikao. Pia mradi wenye watu watatu au zaidi. Kwa watu wawili tu ni koti kubwa kupita mwili.

"Heads-up"

Wakati. Kabla, na kabla tu. Huu ndio msemo unaokosewa wakati kuliko yote. Asili yake ni ukelele wa hatari, "Heads up!", unaopigwa pale kitu kinapokuja hewani na walio karibu wanatakiwa kuangalia. Kwetu hamali akisukuma mkokoteni kwenye kichochoro hupaza "Simile! Simile!" Anapaza kabla gurudumu halijakufikia. Akipaza baada ya kukukanyaga, hiyo si simile tena. Hivyo basi "Heads-up: the ship arrived last Monday" ni simile ya baada ya ajali. Kama jambo limepita, andika "I should have told you earlier" na uombe radhi waziwazi.

Kipimo cha vitendo: jiulize kama anayepokea bado ana nafasi ya kufanya jambo kwa sababu ya habari hiyo. Meli itafika Alhamisi badala ya Jumatatu na lori limekodiwa kwa Jumatatu. Ukimwambia mteja Ijumaa kabla yake, anaweza kubadilisha mpango wa lori. Hiyo ni heads-up. Ukimwambia Jumatatu jioni, lori limeshasimama getini na gharama inahesabika.

Ahadi. Mara moja, na imekwisha. Haikufungi kuendelea kuandika. Pia haiombi ruhusa: "Just a heads-up, I'll be on leave next week" inadhani likizo imeshakubaliwa. Anayeomba likizo kwa msemo huu anamwarifu bosi uamuzi wake mwenyewe, na bosi wengi hawapendi.

Adabu. Si wa mtaani, lakini ni mwepesi. Unafaa kwa mabadiliko ya ratiba, mfumo utakaozimwa usiku, mgeni atakayechelewa. Kwa habari nzito unadhalilisha uzito wake. Mtu anayepunguzwa kazi, msiba, au ongezeko la gharama litakalomuumiza mteja havipewi heads-up. Vinapewa simu, kisha barua kamili.

Umbo. Ni nomino, inahitaji "a" na herufi "s": "a heads-up about the delay", au "a heads-up that the ship is late". Ukiandika "give me head up" umepoteza vyote viwili. Na "head up" bila kistari ni kitenzi chenye maana yake, kuongoza: "She heads up the Lusaka office" ni kwamba yeye ndiye mkuu wa ofisi ile.

Unamfaa nani. Yeyote anayeona tatizo dogo au la kati likija na ana walau saa chache mkononi.

"Bring me up to speed" na "fill me in"

Hizi mbili tunaziweka pamoja kwa kuwa zote ni za baada. Mambo yametokea, mtu hakuwepo, sasa anataka kujua. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa pengo na nia ya kuliziba.

Wakati. Mashine au gari lina mwendo wake wa kufanyia kazi, na kabla ya kuufikia halifai kitu. Kwenye upigaji wa filamu, fundi wa sauti mpaka leo huita "Speed!" kabla ya mwongozaji kuanzisha mchezo, desturi iliyobaki tangu enzi za mashine za utepe zilizohitaji sekunde chache kufikia mzunguko sahihi. Hiyo ndiyo picha ya kushika. "Up to speed" ni kumpa mtu habari za kutosha aanze kazi. "Fill me in" picha yake ni fomu yenye nafasi tupu. Sehemu kubwa anaijua, anahitaji vijazo tu.

Kwa mfano wetu: ofisa mpya amerithi faili la vigae kutoka kwa aliyehama. Anahitaji kuwekwa "up to speed", yaani mkataba, nyaraka, bima, nani amelipwa, nani hajalipwa. Hiyo ni saa nzima na faili mezani. Mwenzake aliyekosa kikao kimoja cha asubuhi anasema "fill me in", na dakika tatu karibu na jagi la chai zinatosha.

Ahadi. Zote ni za mara moja. Kwa "up to speed" mzigo ni wa pande mbili: anayekabidhi aeleze, na mpya ajisomee. Mtu husema pia "I'm still getting up to speed", na ni njia ya heshima ya kusema bado sijaelewa vizuri, nivumilie. Inakubalika wiki za mwanzo. Baada ya miezi sita inaanza kutia shaka.

Adabu. "Let me bring you up to speed" inabeba kidokezo kwamba unayemwambia yuko nyuma. Kwa mgeni haina ubaya. Kwa mkubwa au mteja geuza upande: "Here is a short summary of where we are." "Fill me in" ni ya mdomo na ya wanaofahamiana. Ukiiandika kwa mfadhili itaonekana umekaa juu ya meza yake.

Umbo. "Up to speed on" au "with". Usiweke "the" kabla ya "speed". Kosa kubwa ni kudhani msemo unahusu haraka. "Please bring the clearance up to speed" kwa maana ya harakisheni utoaji wa mzigo si sahihi. Unachotaka ni "speed up" au "expedite".

"Fill me in" nayo ina ndugu hatari. "Fill me in on the meeting" ni nieleze yaliyojiri. "Fill in for me at the meeting" ni nishikie nafasi yangu. Maneno ni karibu yaleyale, mpangilio tu. Ukikosea, mwenzako ataenda kwenye kikao badala yako wakati wewe ulitaka muhtasari, au atakuandikia muhtasari huku kiti chako kikiwa kitupu. Na kwa Waingereza wa umri fulani, "fill someone in" ni msemo wa zamani wa mtaani wenye maana ya kumshushia mtu kipigo. Hautausikia sana siku hizi, ila usishangae mzee akitabasamu.

Zinamfaa nani. "Up to speed" ni kwa makabidhiano, mfanyakazi mpya, mshauri aliyeingia katikati ya mradi. "Fill in" ni kwa aliyetoka kidogo akarudi.

"Keep you abreast", "informed", "up to date"

Hili ni kundi la suti na tai.

Wakati na ahadi. Zote ni za mfululizo. "Abreast" ni kwenda bega kwa bega, kama jahazi mbili zinazokata mawimbi zikiwa sambamba, hakuna iliyotangulia. Kwa hiyo inafaa zaidi pale jambo lenyewe linapotembea: sheria za kodi, bei za mafuta, mwenendo wa soko. Mara nyingi mtu anajifanyia mwenyewe, bila kuomba kwa mwingine: "We keep abreast of changes in customs rules." "Informed" haina picha yoyote ndani yake, na huo ndio uzuri wake. "Up to date" iko katikati, si nzito si nyepesi.

Adabu. "Abreast" ni ya ripoti, bodi na barua yenye nembo, na mtu akiitumia kwenye WhatsApp anakuwa kama aliyevaa suti ufukweni. "Informed" na "up to date" hazimkosei mtu yeyote wa ngazi yoyote.

Umbo. "Abreast of", si "abreast with". Iandikwe neno moja. Ukiitenganisha ikawa maneno mawili umeandika kiungo cha mwili cha mwanamke, kwenye barua ya bodi, na kikagua tahajia cha kompyuta hakitakusaidia kwa sababu maneno yote mawili yapo. Kwa "up to date", weka vistari ikitangulia nomino, "an up-to-date list", na viache ikiwa mwisho, "the list is up to date". "Kindly keep me update" ni kosa. Sahihi ni "updated" au "up to date".

Tukiwa hapo kwenye "kindly": kwetu ni adabu ya kawaida. Kwa Mmarekani inasikika ya kizamani kidogo, na "please" inatosha. Vilevile "kindly revert", ambayo Nairobi na Mumbai ni ombi la kujibu, kwa Waingereza wengi ni kurudi kwenye hali ya zamani. Andika "please reply".

Zinamfaa nani. Anayeandika kwa mtu asiyemjua, na anayeandika kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu.

"Touch base"

Tutaipitia haraka, maana haina mengi. Imetoka kwenye besiboli ya Marekani, ambako mkimbiaji lazima aguse kila kituo anapopita, na akikiruka anaweza kutolewa. Kazini ni kugusana tu: mazungumzo mafupi, pande zote mbili, wakati wowote, bila ahadi ya habari maalumu. "Let's touch base next week." Umbo lake ni "touch base with" mtu, "on" jambo, na "base" haina "the". Adabu ni ya wenza. Waingereza wengi huikejeli kama lugha ya mameneja. Udhaifu wake ni kwamba wiki ijayo inafika na hakuna aliyepiga simu, na hakuna wa kulaumiwa. Inamfaa anayetunza uhusiano. Anayengoja tarehe ya kontena haimfai hata kidogo.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Kama unashika kazi na mwenye kazi anangoja: "I'll keep you posted", na siku ya barua ijayo juu yake.

Kama wewe ni msimamizi na hutaki kila undani ila hutaki kushtukizwa: "Please keep me in the loop." Kama hutaki barua 40 kwa siku, usiuseme huo kabisa. Omba muhtasari wa kila Ijumaa, "a short update every Friday".

Kama kitu kinakuja na bado kuna muda wa kukwepa: heads-up. Kama muda haupo tena, hakuna msemo wa kukuokoa. Eleza kilichotokea na unachofanya.

Kama umerudi likizo: kwa mwenzako "fill me in", kwa bosi wako "could we take ten minutes so I can catch up?" Ukipokea kazi ya mtu mwingine, omba "up to speed", na uombe faili pamoja na mazungumzo.

Kama unamwandikia mkurugenzi, balozi, mfadhili au mahakama: "informed". "Abreast" ikiwa jambo ni mwenendo mpana.

Kama mpokeaji yuko Lubumbashi au Bujumbura na ofisi yake inaendeshwa kwa Kifaransa, au ni kiwanda cha vigae cha China kinachopitisha barua zako kwenye mashine ya kutafsiri, weka misemo yote kando. Kama Kiswahili mnakielewana, andika Kiswahili. Kama sivyo, andika hivi: "The ship is late. New arrival date: Thursday. I will inform you again on Wednesday at 12:00." Hakuna urembo, hakuna pa kupotea. Saa iandike kwa tarakimu za Kiingereza. Anayefikiri saa nne asubuhi akaandika "4 a.m." amemwamsha mtu alfajiri.

Na kama unamwandikia yule mteja wa Lusaka, barua nzima inaweza kuwa hivi:

"Just a heads-up: the vessel is now expected on Thursday, not Monday. I'm looping in our transport manager, who will rebook the truck. I'll keep you posted and will write again on Wednesday by noon, even if nothing changes."

Misemo mitatu, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza unatangulia tatizo, wa pili unamwingiza mtu na kusema kwa nini, wa tatu unafunga ahadi kwa siku na saa. Ukiona barua yako ina minne au zaidi, futa kwanza "touch base".